Chumba cha kazi nilichopanga kina baridi kali, nipasheje joto bila bili kunimaliza?

Mama Ngozi: Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana nimeishiwa mbinu. Nashona mikoba na mikanda ya ngozi kwenye chumba nilichopanga, zamani kilikuwa stoo ya mizigo. Sakafu zege tupu, mlango shata la chuma, juu bati na dari hakuna. Winta ikiingia vidole vinakufa ganzi mpaka sindano inanidondoka, gundi nayo inagoma kukauka, kazi ya saa moja inakula nusu siku. Nina hita ya feni ya wati 2000, nimeiwasha kutwa wiki mbili mfululizo, bili ilipokuja niliishiwa nguvu, na miguu bado ilikuwa barafu. Mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta. Kuna mtu kanishauri niingize jiko la mkaa, mnaonaje?

Mzee wa Randa: Dada yangu hilo jiko nakuomba usiliingize kabisa!! Mkaa ukiwaka ndani unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu, usingizi, halafu huamki tena. Usidanganyike eti utafungua dirisha kidogo. Na kingine, mvuke wa gundi nyingi za ngozi unashika moto, kwa hiyo hata hiyo hita yako zima kabisa ukiwa unapaka gundi na ufungue mlango hewa ipite, baridi ya dakika kumi vumilia tu.

kipima_yuniti: Hesabu ni hii, wati 2000 ni yuniti 2 kwa saa, masaa 8 yuniti 16 kila siku, na joto lote linapanda juu linaishia kwenye bati wewe umekaa chini unatetemeka. Na usikimbilie kununua hita nyingine ya koili eti inabana matumizi, zote yuniti moja inatoa joto lile lile. Pasha mwili wako, achana na kupasha chumba kizima. Kuna mikeka ya umeme ya kuwekea miguu, mingi ni kama wati 100, kutwa nzima haifiki hata yuniti moja. Mimi miguu ikipata moto hata mikono inalegea.

Shemeji Fundi: Naongezea hapo kwa kipima_yuniti, mkeka usiuweke juu ya zege, zege litakunyonya joto lote. Tandika maboksi tabaka tatu nne au stairofomu, juu yake plaiwudi, hutoboi kitu na ukihama unabeba. Shata nalo linapitisha upepo chini, shona mfuko mrefu wa kitambaa ujaze mchanga ulaze pale, kwa ndani ning'iniza blanketi zito. Halafu piga fremu ya mbao ya kusimama yenyewe kuzunguka meza yako, ifunike na nailoni nene juu na pembeni kama chandarua, hapo unabaki na kachumba kadogo ndani ya chumba.

Jirani wa Stoo: Mbona hamjataja hita ya mafuta ya taa? Nafuu na inawaka haraka.

Mzee wa Randa: Isiyo na bomba la kutoa moshi nje hapana. Lita moja ya mafuta ikiungua inatoa karibu lita nzima ya maji kwa mvuke, ngozi zake zitaota ukungu na vyuma vitashika kutu. Na hewa chafu inabaki humo humo.

Mama Ngozi: Asanteni sana, hilo la mvuke wa gundi limenitisha kweli maana nilikuwa naweka kopo karibu na hita ili ilegee. Jumamosi naanza na sakafu na mfuko wa mchanga. Sasa ndani ya hiyo nailoni hita ya feni naiweka umbali gani?

Shemeji Fundi: Humo ndani usiiweke kabisa dada, tumia mkeka tu. Hita iwashe nje ya nailoni nusu saa ya asubuhi, iwe mbali na kitu chochote kinachoungua angalau mita moja, ichomeke moja kwa moja ukutani siyo kwenye ekstensheni. Na gundi usiilaze hapo, nenda nayo nyumbani jioni uiweke sehemu yenye joto la kawaida mbali na moto, asubuhi utaikuta laini. Ukitaka kupaka gundi, hiyo nailoni ifunue yote kwanza.