Mtoto analala mwaloni Kibirizi: aingie darasani kwanza, au arudi kwao kwanza?

MWALIMU WA LA TANO, Ujiji

Wadau wa Kigoma, mwisho wa reli, habari za jioni. Naleta hoja, mnipige mawe madogo madogo.

Nafundisha shule ya msingi hapa manispaa, sitaitaja. Mwezi wa tatu nilikuwa najumlisha mahudhurio, nikamshangaa mvulana mmoja. Anakuja siku sita saba mfululizo, halafu hayupo wiki mbili, wiki tatu. Nikasema labda malaria. Nikafunua mwezi wa pili, ni vilevile. Dukani kwa jirani kuna kalenda ya msikiti, ndiyo iliyonifumbua macho: siku zake za kuja zinaangukia katikati ya mwezi wa Kiislamu, kuanzia kumi na mbili hadi kumi na nane hivi. Mbalamwezi! Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, maboti hayatoki. Giza likirudi yanatoka, na yeye usiku yuko mwaloni, pale maboti yanaposhusha samaki, anabeba, alfajiri yuko kwenye vichanja anaanika. Mimi nilikuwa nimemjazia alama nyekundu na kumwita mtoro.

Anapolala pa kudumu hapana. Madaftari yake anamwachia mama ntilie mmoja, anayeyatunza ndani ya ndoo ya unga yenye mfuniko. Kila ukurasa una unga. Nikimaliza kusahihisha la kwake, mikono imekuwa ya mpika chapati.

Sasa kamati ya shule inataka nimtoe kwenye daftari mpaka alete mzazi, au walau barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti naye anasema hawezi kumwandikia barua mtu asiye na nyumba mtaani kwake. Tumekwama hapo. Msimamo wangu: abaki, hata bila karatasi, mengine yafuate. Nani anapinga, na kwa nini?

MJUMBE WA KAMATI, Gungu

Napinga mimi, na si kwa roho mbaya. Mwalimu, huyo mtoto akianguka mapumziko akavunjika mkono, unampigia nani? Mwaka juzi tulikaa hospitalini na mtoto hadi saa tatu usiku, na huyo alikuwa na mama, simu tu ndiyo ilizimwa.

Pili, elimu bila ada tangu 2016 sawa, lakini uji wa shule unachangiwa na wazazi. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Hapo hakuna hela ya uji. Nitamwambiaje mzazi wa hapa Gungu, naye anahangaika, kwamba mahindi yake yanalisha mtoto ambaye watu wake wapo Buhigwe wametulia?

La tatu ndilo linaloniuma. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na umri wa chini wa kazi yoyote ni miaka 14. Huyu wa la tano ana mingapi? Ukimpangia nafasi darasani kwa kufuata mwezi, umeibariki kazi hiyo. Mtoto ana kwao. Arudishwe, asome kwao.

MCHUUZI WA DAGAA, Kibirizi

Mjumbe nakuheshimu, ila unaongea kama mtu anayekuja mwaloni kununua kitoweo na kuondoka.

Kwanza hilo la kazi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Kazi ya usiku ikaisha yenyewe, hakuna aliyeikataza. Hao watoto walijaa shuleni? Walikuja siku mbili tatu, halafu njaa ikawatoa. Wengine walipanda treni wakaenda zao, siku ya kufungua ziwa tukawaona tena. Dagaa ndiyo inawapa sahani ya ugali. Ukiiondoa sahani usiweke nyingine, umemwondoa na mtoto.

Pili, "wana kwao." Mmoja ninayemfahamu, wazazi walikwenda kulima tumbaku upande wa Urambo, wakamwacha kwa bibi. Bibi akafariki. Kwao ni wapi hapo? Kaburini kwa bibi?

Na kuna jambo hamligusi kabisa. Mnamwona asiye na makazi ni chokoraa anayelala chini ya turubai tu. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumbani kwangu mpaka kwenye godoro. Sasa tupo sita, chumba kimoja cha dada yangu, Mwanga. Mwenye nyumba akija kudai kodi wanangu wawili wanatolewa nje wakacheze, asijue idadi yetu. Shule yao imebaki kule kule. Asubuhi ni mguu, kwa sababu bodaboda kwenda na kurudi kwa watoto wawili ni faida yangu yote ya siku. Wanachelewa, wanapigwa fimbo za uchelewaji, Ijumaa hawaendi. Hao nao mtawarudisha kwao? Kwao kuna samaki.

MJUMBE WA KAMATI, Gungu

Dada, pole sana kwa nyumba. Wanao wana mama, nitawapokea kesho. Tusichanganye mambo.

MCHUUZI WA DAGAA, Kibirizi

Hayajachanganyika. Uliza barua ya makazi nitaipata mtaa gani.

MSTAAFU WA USTAWI WA JAMII, Kigoma mjini

Wanangu, nimefanya kazi hii muda mrefu, niruhusuni niwakere wote wawili.

Mjumbe, sheria hiyo hiyo uliyoitaja inamweka mtoto asiye na makazi miongoni mwa wanaohitaji ulinzi, na jukumu la kuwalinda watoto walio ndani ya eneo ni la halmashauri husika. Yaani yupo Kibirizi, basi ni wetu, hata kama kitovu chake kimezikwa Buhigwe.

Kuhusu kurudisha: nimerudisha wengi kwa mikono yangu. Kuna mmoja nilimpeleka Uvinza, nikamkabidhi kwa baba yake mdogo, tukatia saini, tukapiga na picha. Nikarudi mjini. Kabla sijamaliza kuandika ripoti nilimkuta stesheni, kavaa shati lile lile nililomnunulia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza alikimbia nini. (Alikimbia fimbo. Niliuliza baadaye sana.) Kurudisha bila kuuliza ni kumlipia nauli ya matembezi.

Wapo wanaorudi na kutulia, tena wengi, hasa wakiwa na wiki chache tu mtaani. Na asiye na pa kurudi anatafutiwa familia ya kuaminika, siyo lazima bweni wala kituo. Lakini hilo halikamiliki wiki moja. Swali la mwalimu ni: katika hiyo miezi ya kutafuta, mtoto awe wapi saa mbili asubuhi? Mimi nasema darasani, kwa sababu hata mimi mtu wa ustawi nikimtafuta nitamkuta pale. Mwaloni nitamkosa.

Kasoro ambayo siwezi kuificha: misaada yetu imejengwa juu ya kaya. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imekuwa ikilipa kaya, na moja ya masharti ni mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80. Sharti zuri, limewatoa wengi mashambani. Sasa mtoto asiye na kaya anaingilia mlango gani? Na familia ya huyu dada, iliyojibana ndani ya kaya ya mwingine, iliandikwa wapi?

MTOTO WA UJIJI, niko Ohio

Shikamoo mzee. Huku Marekani wana sheria iliyoanza 1987, inaitwa McKinney-Vento. Mtoto aliyepoteza makazi anaandikishwa papo hapo hata kama hana cheti wala rekodi za shule ya zamani. Ana haki ya kubaki shule aliyokuwa akisoma, na usafiri anapewa. Kila wilaya ya shule lazima iwe na mtu maalumu wa kuwashughulikia. Na yule anayebanana kwa ndugu kwa kukosa nyumba, kama wanao dada, anahesabiwa hana makazi sawa na anayelala kwenye gari.

MJUMBE WA KAMATI, Gungu

Hilo basi la Marekani likifika Kibirizi litageuzia wapi, kijana?

MTOTO WA UJIJI, niko Ohio

Hahaha, basi liacheni. Na hata huku wapo wanaoanguka katikati, msidhani ni peponi. Nimeitaja kwa ile sehemu isiyo na gharama: kupokea kwanza, karatasi baadaye. Hiyo haihitaji mfadhili.

MWALIMU WA LA TANO, Ujiji

Marahaba kwa niaba ya mzee, kasahau kukuitikia.

Nimesoma yote. Mjumbe, la simu umenishinda, nilikuwa sijalifikiria. Jana nilikwenda kwa yule mama ntilie. Nilimkuta anapalia mkaa, nikamuuliza kama naweza kuandika namba yake mahali pa mlezi. Akafuta mikono, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Nikiandikwa, akivunja dirisha nalipa mimi?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kamati itasemaje. Akasema andika. Nimeandika kwa penseli.

Kuhusu kazi ya usiku sina jibu safi. Nikimripoti mwajiri wake leo, kesho mtoto hana chakula, na mimi nina nyumba yenye watoto wanne na mshahara mnaoujua. Nisiporipoti, najua ninachokiona. Mzee, nitakuja kwako tulizungumze nje ya hapa.

Dada mchuuzi, zile fimbo za uchelewaji. Niambie ni shule ipi, kwa faragha.

MJUMBE WA KAMATI, Gungu

Namba ya mama ntilie si barua ya mlezi, mwalimu, unajua hivyo. Na mahindi bado hujayajibu.

MCHUUZI WA DAGAA, Kibirizi

Mahindi ya mtoto mmoja, mjumbe. Mmoja.

MJUMBE WA KAMATI, Gungu

Leo mmoja. Kikao ni Ijumaa saa nane. Nitapinga. Lakini huyo mama aliyekubali kuandikwa aje, nataka kumsikia mwenyewe. Na hiyo penseli usiifute kabla ya Ijumaa.