Programu ya imeili haivuti meseji mpya, naombeni msaada wakuu

Subira_Njema: Wakuu habarini. Natumia Thunderbird kwenye laptopu, hii wiki ya pili haivuti meseji mpya. Nikibonyeza kupokea inasema hakuna meseji mpya, haileti kosa lolote, na kutuma inatuma vizuri tu. Nasubiri barua ya usaili, siku zinakwenda, usingizi sipati. Nimeshaamua kesho nafuta programu yote na profaili yake (lile folda la seting na meseji) nianze upya, ila kama kuna njia nyingine niambieni.

Fundi_Kimya: Usifute kitu kwanza. Kutuma kunapita njia inayoitwa SMTP, kupokea kunapita njia nyingine, POP au IMAP, kimoja kinaweza kufa kingine kikawa kizima. Unatumia ipi? Na ukiingia kwa brauza meseji zipo?

Mama_Pacha: Pole mdogo wangu. Mimi ilinikuta, kumbe akaunti imejaa, picha za harusi ya mdogo wangu zimemaliza nafasi yote, watu wakinitumia zinawarudia. Nilikesha nafuta picha huku nalia, na zingine mpaka leo zinaniuma. Angalia nafasi.

Bila_Presha: Mambo ya laptopu ya nini, weka kwenye simu yaishe.

Subira_Njema: Nafasi ipo tele. Ni POP, poti 995. Kwenye brauza nako inboksi tupu. Jana nilijitumia ya majaribio kutoka akaunti nyingine, nikaiona kwenye brauza, baada ya kama dakika kumi haipo, na kwenye laptopu haikuja. Ndiyo maana naona bora nifute tu.

Fundi_Kimya: Hapo kuna mashine nyingine inakuwahi. POP ikishachukua meseji, kama haijawekewa seting ya kuacha nakala, inaifuta kwenye sava, yaani kompyuta ya kampuni ya imeili. Thunderbird kwa kawaida inakagua kila dakika 10, linganisha na dakika zako. Na ukifuta profaili, meseji zako za zamani zimekwenda, maana hazipo kwingine. Akaunti hii iko kwenye mashine gani nyingine?

Subira_Njema: Hakuna.

Fundi_Kimya: Fikiria vizuri ndugu.

Subira_Njema: Ipo laptopu ya zamani, ila ilikuwa mbovu. Nilimwachia mwenzangu wa biashara tulipoachana, nasikia ameitengeneza. Sikuifuta kwa sababu kazi zetu zote zilikuwa humo, na yeye si mtu wa kusoma barua za watu. Tena paswedi nilishabadili mwezi huu, kwa hiyo si yeye.

Mzee_Tulivu: Biashara na rafiki andikishaneni mapema, nani anabaki na nini. Nimepoteza ndugu kwa jambo dogo kuliko hili.

Jicho_Kali: Hii chai. Paswedi ikibadilishwa laptopu ya zamani inakataliwa na sava, haivuti hata moja. Na hiyo yako nayo ingekudai paswedi mpya, mbona hujasema ilikudai? Stori ya kutunga.

Mama_Pacha: Mtu halali wewe unamwita muongo, hapana kaka.

Subira_Njema: Sijatunga wallahi. Nimeangalia tena, niliyobadili ni ya kufungulia laptopu hii. Ya imeili ni ile ile ya zamani.

Fundi_Kimya: Basi ibadili sasa hivi kwa brauza, toa vifaa vyote vilivyoingia, na kama uliwahi kutengeneza paswedi maalumu ya programu ifute. Nakili folda la profaili sehemu salama, halafu ongeza akaunti upya kwa IMAP, poti 993, meseji zibaki kwenye sava. Ila za wiki hizi mbili ziko kwenye laptopu yake, mpigie akutumie.

Subira_Njema: Nimebadili. Ya majaribio ina dakika 25 bado ipo, nimeshukuru sana mkuu. Lakini kumpigia siwezi, tuliachana kwa maneno mabaya, akiona jina langu anakata.

Jicho_Kali: Samahani ndugu, nilikukosea. Waandikie hao wa usaili, waambie imeili ilikuwa na hitilafu wakutumie tena. Kutuma si kunafanya kazi?

Subira_Njema: Kunafanya. Nawaandikia sasa hivi.