Karatasi zenye Jina la Mungu zikiharibika kwenye mashine, nizifanyeje?

FundiChapa (Mbale):
Salaam wana jukwaa. Nina duka la steshenari hapa mjini Mbale: kuchapa, fotokopi, kujalidi. Majuzi mzee mmoja wa Abayudaya, yaani Wayahudi wa hapa Uganda, kutoka upande wa Nabugoye aliniletea fleshi yenye kijitabu cha sala za Ijumaa jioni, ukurasa mmoja Kiebrania na unaoukabili Kiganda. Kabla sijawasha mashine akaniomba: kila karatasi itakayoharibika nisiitupe, nimkabidhi. Na kweli kuna zilizokwama na nyingine zikatoka zimepauka. Alizipokea moja moja, akazinyoosha kwa kiganja, akazitia kwenye bahasha akaondoka nazo.

Sasa ameagiza nakala nyingi zaidi na hatakuwepo nikichapa. Karatasi zangu mbovu huchukuliwa na mama anayeuza karanga, anakunjia vile vifuko. Nataka kufanya inavyopaswa. Je, ni kurasa zote au za Kiebrania tu? Jingine: nilimwomba asome mstari mmoja nihakikishe ukurasa haujageuka, akafika neno moja akaniambia hapo hasomi lilivyoandikwa. Kwa nini? Mimi ni Mkristo, naomba nifundishwe.

Ustadh_Namakwekwe:
Wa alaykum salaam. Na sisi karatasi yenye aya haiachwi ikakanyagwa. Msahafu uliochakaa tunauzika mahali safi, au tunauchoma kwa heshima. Khalifa Uthman aliamuru nakala nyingine zichomwe ili Waislamu wabaki na msahafu mmoja. Ikikuwia vigumu kuzihifadhi, zichome pembeni, majivu uyafukie.

Muyudaya_wa_Kilimani:
Shalom ndugu Fundi. Nimezaliwa chini ya kilima hichohicho cha Nabugoye. Babu yangu alikuwa mtoto wakati Semei Kakungulu, mwanzilishi wa jumuiya yetu, alipotahiriwa mwaka 1919 na kuwaingiza watu wake katika Torati. Swali lako limenigusa sana.

Ustadh, nafurahi kwamba na kwenu karatasi haikanyagwi. Lakini hizi asizichome, tafadhali. Kumbukumbu la Torati sura ya 12 inawaamuru Waisraeli wavunje madhabahu za miungu ya Kanaani, wateketeze nguzo zake, wafute majina yake. Mstari unaofuata unasema: msimfanyie hivyo Bwana Mungu wenu. Walimu wetu walipata hapo katazo la kufuta Jina kwa mkono, na kuchoma ni namna ya kufuta. Maimonides, rabi aliyeandika Misri katika karne ya 12, anataja majina saba ya Mungu yasiyofutwa, na la herufi nne (YHWH) ndilo la kwanza.

Kwa hiyo tunazika. Vitabu vilivyoraruka na karatasi za sala hukusanywa mahali panapoitwa geniza, na pakijaa hupelekwa makaburini. Wayahudi wa sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Cairo ya kale, walikuwa na chumba cha namna hiyo wakakijaza kwa karne nyingi: sala, hati za ndoa, hata barua za wafanyabiashara. Mwanazuoni Solomon Schechter alifika huko mwishoni mwa mwaka 1896, na zaidi ya vipande 190,000 viko Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, hadi leo. Huwa nawaza, kama watu wale wangekuwa na desturi ya kutupa, tungejuaje bei walizouziana na jinsi walivyosalimiana?

Kuhusu kutamka. Hekalu liliposimama Yerusalemu, Kuhani Mkuu alilitamka Jina siku ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, akiungama dhambi za watu. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba makuhani na watu waliokuwa uani, walipolisikia likitoka kinywani mwake, walianguka kifudifudi wakasema: "Libarikiwe jina la utukufu wa ufalme wake milele na milele." Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70. Sisi tukikuta zile herufi nne katika sala tunasema Adonai, na nje ya sala tunasema HaShem, yaani "Jina". Mzee wako hakuwa akikuficha kitu. Kukusomea mstari dukani si sala, kwa hiyo hakulitaja.

Ungemwona mwandishi wa Torati ungeelewa haraka. Anaandika herufi 304,805 juu ya ngozi, kwa mkono. Kila afikapo kwenye Jina hutamka kwanza kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wake, na akiwa katikati ya kuliandika, hata mfalme akimsalimu haitikii. Akikosea herufi ya kawaida anaikwangua. Akikosea ndani ya Jina hakwangui; kipande kile cha ngozi kinatolewa kwenda kuzikwa.

Kwa kazi yako, basi: za Kiebrania zote tia kwenye bahasha, hata zilizochapwa nusu. Usihangaike kutafuta Jina liko mstari gani. Katika vitabu vingi vya sala hufupishwa kwa herufi mbili ndogo kama koma za juu, na asiyezoea hazioni. Za Kiganda, zenye Katonda na Mukama, wanazuoni wengi hawazipi daraja hilohilo, ila kufungia karanga hapana. Ziweke pamoja. Na ujaribu mashine kwa ukurasa mwingine kabisa kabla ya kuanza.

Dada_Jinja:
Samahani kaka, siulizi kwa ubishi. Mungu si anaangalia moyo? Karatasi ni karatasi.

Muyudaya_wa_Kilimani:
Dada yangu, moyo anauangalia, naamini hivyo. Lakini nitakwambia nilivyolelewa. Wakati wa Amin dini yetu ilipigwa marufuku, wazee wakasali kwa kujificha, na vitabu vilikuwa vichache mno. Bibi yangu alitoka kwenye miaka ile na tabia moja: kitabu cha sala kikianguka anakiokota na kukibusu kabla ya kusema neno lolote. Hakutuhubiria. Tulimwona tu.

Nenda sokoni asubuhi usikilize watu wanavyomwapia Mungu kwa ajili ya fungu la nyanya. "Haki ya Mungu, mimi mwenyewe nimenunua ghali." Amri ya tatu, Kutoka 20:7, inakataza kulitaja bure jina la Bwana. Sijawahi kumsikia bibi akimtaja Mungu ili auze kitu. Nadhani mkono uliozoea kuokota kile kitabu ulimfundisha na ulimi. Mimi sitaki kuvitenganisha hivyo viwili, na wanangu nawalea vivyo hivyo.

FundiChapa (Mbale):
Nimeelewa, asanteni nyote. Nimetenga bahasha kubwa na mama wa karanga nimemwambia. Limebaki moja: faili lenyewe liko kwenye kompyuta yangu. Nikilifuta nitakuwa nimefuta Jina?

Muyudaya_wa_Kilimani:
Hapana, futa bila wasiwasi. Marabi wengi wameshalijibu hilo: kinachoonekana kwenye skrini ni mwanga tu, si maandishi ya wino. Fleshi mrudishie mwenyewe. Bahasha ikijaa mpigie mzee, au mpe mtu wa boda anayepanda Nabugoye aifikishe sinagogi, sisi tutazika.