Acheni kuwaambia watu "ongeza maji": ushauri wenu ndio unaoua mimea ya ndani

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila mara mtu huweka hapa picha ya mmea wa ndani ulionyong'onyea na majani yake yamegeuka manjano, na kabla hajaulizwa hata swali moja kuhusu mahali mmea ulipowekwa au hali ya udongo wake, majibu huanza kumiminika: ongeza maji, tia mbolea, hamishia kwenye chungu kikubwa. Siku chache baadaye anarudi kusema mmea umekufa, na walewale waliomshauri wanamwambia kwamba hana mkono wa mimea. Huo ni uonevu, kwa sababu alifanya alichoambiwa.

Nianze na maji, kwa kuwa huko ndiko maafa mengi yanakotokea. Mizizi hupumua, na oksijeni yake huipata katika nafasi ndogondogo zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji muda wote, mizizi hukosa hewa na kuanza kufa, kisha vimelea vinavyostawi kwenye unyevu, kama vile Pythium na Phytophthora, huimalizia. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani hulegea huku udongo ukiwa chapachapa, nayo ni dalili ileile tunayoiona kwenye mmea wenye kiu. Hapo ndipo mshauri wetu anaposema "ongeza maji". Hivi karibuni jirani yangu aliniletea mmea ambao alikuwa akiumwagilia kila siku kwa maelekezo ya aliyemuuzia. Nilipoutoa kwenye chungu, uvundo ulitangulia. Mizizi ilikuwa myeusi na yenye utelezi, na nilipoivuta taratibu kwa vidole ganda la nje lilitoka lote, ukabaki uzi mwembamba wa katikati. Mizizi ile haikufa kwa kiu.

Wanaotoa ratiba ya "kikombe kimoja kila Jumamosi" nao waache. Kasi ya udongo kukauka hutegemea mwanga, joto, ukubwa wa chungu na hata kilivyotengenezwa, kwani chungu cha kufinyangwa kisichopakwa rangi hupitisha unyevu ukutani na cha plastiki hakipitishi. Zamisha kidole sentimita 3 hadi 5. Kwa mimea mingi ya majani ya ndani, kama huko bado kuna unyevu, usimwagilie, hata kama ni Jumamosi.

Sasa kokoto, ambazo ndizo zinazonikera kuliko yote. Tunaambiwa tuzipange chini ya chungu ili maji yashuke haraka. Ukweli ni kinyume chake: maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye tabaka lenye nafasi kubwa mpaka udongo ule ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Tabaka lile lililoloa, ambalo lingekaa kwenye sakafu ya chungu, linapandishwa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Asiyeamini achukue sifongo ya mstatili iliyoloa, ailaze bapa mpaka iache kudondosha maji, kisha aisimamishe wima aone maji mengine yakitoka. Kimo ndicho kinachosukuma maji nje, na kokoto zinapunguza kimo cha udongo. Kinachohitajika ni tundu chini ya chungu na udongo wenye hewa.

Chungu kikubwa mno kina kosa hilohilo, maana udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji muda mrefu. Mbolea kwa mmea mgonjwa ni mbaya zaidi: chumvi zake huunguza mizizi iliyokwisha kudhoofika.

Lipo pia dai la kwamba mmea fulani "unapenda giza". Hakuna mmea wa kijani unaopenda giza. Ipo inayolivumilia, kama sansevieria, na kuvumilia maana yake ni kudumaa polepole kwa miezi mingi. Jicho la binadamu hutudanganya kwa kuwa hujirekebisha: jua kali la nje hufikia takriban luksi (kipimo cha mwanga) 100,000, ilhali katikati ya chumba tunachokiona kina mwanga wa kutosha huenda zikawa mia chache tu.

Kunyunyizia majani maji hakubadilishi unyevu wa hewa zaidi ya dakika chache. Mayonezi na mafuta ya kung'arisha majani hunasa vumbi na kuziba vitundu vya kupumulia; kitambaa chenye maji kinatosha.

Kuhusu mimea kusafisha hewa, utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989 unaotajwa kila siku ulifanyika ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na watafiti Cummings na Waring mwaka 2019 yalionyesha kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi ambayo mzunguko wa kawaida wa hewa ya jengo tayari unaifanya. Na wanaowatisha watu kwamba mmea chumbani utawamalizia oksijeni usiku, wafahamu kwamba binadamu mmoja aliyelala kitandani hutumia nyingi kuliko vyungu vyote vya chumba hicho.

Ninaomba kila aliyeandika hapa habari za kokoto na ratiba za vikombe akahariri alichoandika, kwa sababu wageni bado wanakisoma na kukifuata. Na wewe ambaye mmea wako umelegea leo ilhali udongo umeloa, usimwagilie. Utoe kwenye chungu, kata mizizi yote iliyo laini na myeusi, uupande kwenye udongo mpya wenye hewa ndani ya chungu kisichozidi kile cha awali, kisha uweke karibu na dirisha. Atakayekuja chini ya uzi huu kusema "ongeza maji" aeleze kwanza kama ameuliza hali ya udongo.