Kamera nyepesi ya kupanda nayo Kilimanjaro kwa Machame

Swali
Wakuu, natafuta kamera ya siku 7 njia ya Machame, mwezi wa 4. Isizidi gramu 500 na betri yake, ihimili mvua na kuanguka. Nimebaki na mbili: Olympus TG-6 au Sony a6400 na lenzi yake ya 16-50. Ipi?

Jibu 1
Mwezi wa 4 ni masika, chukua TG-6. Ina gramu 253 ikiwa na betri na kadi, lenzi haichomozi nje, inavumilia maji hadi mita 15, kuanguka mita 2.1 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Ila hizo mita 15 zinategemea mpira mwembamba wa kwenye vifuniko vya betri na chaja. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikikaa pale, maji yanapita. Futa kwa kitambaa kikavu kila kabla ya kufunga. Halafu zima swichi ya LOG (ya kurekodi njia uliyopita): ikiachwa, GPS inakula betri hata kamera ikiwa imezimwa.

Jibu 2
Mkuu, a6400 ni gramu 403, lenzi 116. Jumla 519, tayari umepitiliza, na lenzi hiyo haijazibwa dhidi ya maji. Kwa picha za nyota pale kambi ya Barafu inaiacha TG mbali sana, maana sensa ya TG (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ni ndogo na picha za usiku zinajaa chengachenga. Ungekuwa unapanda kiangazi ningekwambia beba Sony. Kwa masika, hapana.

Jibu 3
Naongezea la ukungu, maana hapo wengi wanailaumu kamera bure. Ukifungua kifuniko kule msituni, unafungia hewa yenye unyevu ndani; ukifika juu kwenye baridi, ukungu unatanda nyuma ya kioo cha lenzi, usiofutika. Badilisha betri mahali pakavu. Ukitoka kwenye baridi kuingia hemani, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki, uiache nusu saa.

Kambini hamna umeme: beba betri 3 za LI-92B, ndizo za TG-6. Usiku wa kwenda Uhuru zikae mfuko wa ndani, kifuani. Ikisoma sifuri usiitupe. Ipashe joto mwilini, mara nyingi inarudi.

Muuliza swali
Shukrani wakuu. TG-7 je?

Jibu 1
Ni ileile karibu yote, ila chaja yake ni USB-C. Bei zikikaribiana, chukua hiyo.