Mifumo ya umma ya "tumia Chrome tu" inatukomoa. Nani kawapa ruhusa?

Wakuu habari za mchana. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bando.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Siku hizi kinachotulisha ni kuwajazia watu maombi mtandaoni, fotokopi imebaki ya ziada tu. Leo kaja binti kutoka Pongwe, dirisha la maombi linafungwa leo leo. Vyeti tumeskani, taarifa zote tumejaza, nabonyeza "Wasilisha". Kitufe kikageuka kijivu, basi. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna chochote. Nikatoka Chrome nikahamia brauza nyingine, Firefox, ukurasa mzima ukafunikwa na maandishi mekundu: tumia Chrome, toleo jipya.

Kompyuta yangu ni Windows 7. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni 109, ya Januari 2023, Google wakafunga hesabu hapo. Mozilla waliendelea kuitolea Firefox 115 viraka vya usalama kwenye mashine hizi hizi muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo brauza salama ninayo, ila mfumo hauitaki! Binti nikamrudishia hela yake, akaenda kuhangaika kwingine huku saa zinakwenda.

Najua kuna atakayekuja na "nunua mashine mpya". Fomu ya jina, namba ya NIDA na PDF mbili inahitaji mashine mpya ya nini?

Tatizo ni kubwa kuliko developa mmoja mvivu. Viwango vya wavuti vilikuwa vinasimamiwa na W3C, chombo alichokianzisha Tim Berners-Lee mwaka 1994. Mwaka 2004 Apple, Mozilla na Opera wakaanzisha kundi lao, WHATWG, na mwaka 2019 W3C wakakubali kwamba kiwango cha HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti, kiandikwe huko. Kamati ya juu ya kundi hilo ni Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Watengeneza brauza watupu. Halafu angalieni soko: Opera waliacha injini yao, ile sehemu ya brauza inayochora ukurasa, mwaka 2013 wakahamia ya Google, Microsoft nao Edge yao mpya ya 2020 imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome. Google akiweka kitu kwenye Chrome, kesho mafundi wanakitumia, keshokutwa kinaitwa kawaida, na asiyekuwa nacho anaambiwa amepitwa na wakati. Karatasi ya kiwango inakuja kuandikwa baadaye.

Na hao watengeneza brauza wanajua kabisa wanapaswa kumtumikia nani. Waraka wa RFC 8890, uliotolewa na bodi ya usanifu wa intaneti, IAB, mwaka 2020, unasema wazi kwamba maslahi yakigongana, mtumiaji wa mwisho ndiye atangulizwe. Binti wa Pongwe ndiye mtumiaji wa mwisho. Nani alimtanguliza leo?

Msiniambie pia kelele hazisaidii. Mwaka 2023 wahandisi wa Google walileta pendekezo la Web Environment Integrity, tovuti iweze kudai uthibitisho wa kifaa chako kabla ya kukuhudumia. Watu walilijia juu kila kona, Mozilla wakalipinga, na mwezi Novemba mwaka huo huo likaondolewa. Lingepita, mashine kama yangu ningeuza kwa kilo.

Sasa nageukia nyie wa hapa nyumbani mnaotengeneza mifumo ya umma na mnaopitisha zabuni zake. Google hawakuwashikia bunduki muandike yale maandishi mekundu. Fomu ya HTML ya kawaida inafunguka kwenye Firefox, kwenye Opera Mini, kwenye simu ya zamani ya mama muuza samaki pale Deep Sea. Mliamua wenyewe kutufungia, na hela ya kujengea mfumo ni kodi yetu.

Wenye majina ya mifumo inayokataa brauza nyingine wekeni hapa chini, na picha ya skrini. Na kama kuna mtu wa ndani humu, ajibu: kabla ya kuukabidhi, mfumo wenu mliujaribu kwenye mashine gani?