Kwa nini wahadhiri huiacha Moodle baada ya mafunzo?

Mhadhiri wa Kondele
Wenzangu, naomba mawazo. Nafundisha takwimu katika chuo cha umma huku Kisumu, na nimepewa jukumu la kuwavuta wahadhiri wa idara yetu watumie Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, muhula mzima. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, kila mtu alijifunza apende asipende. Leo ukifungua kurasa za kozi nyingi utakuta noti za PDF na tarehe ya mtihani, basi. Mafunzo tumefanya, vyeti tumetoa. Ni nini hasa kinachomfanya mhadhiri aishike njia hii asiiache?

Mwalimu wa hesabu, Kakamega
Dakta, salamu. Tangu 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huukubali mfumo akiona una manufaa kwake na hautamsumbua kuutumia. Mafunzo yetu hushughulikia hilo la pili tu: bonyeza hapa, pakia pale. Manufaa je?

Mimi nilinaswa na jambo moja: maswali ya kukokotoa. Unaandika swali la kutafuta wastani mara moja, unaweka fomula, Moodle inampa kila mwanafunzi tarakimu zake. Akina Otieno wakikaa bega kwa bega, kunakili jibu la jirani hakumfai mtu. Mfumo unasahihisha wenyewe, na aliyekosea anasoma palepale maelezo niliyomwandikia. Kwa darasa linalojaza ukumbi mpaka wengine wanasimama mlangoni, huo ni wokovu.

Lakini kuandaa maswali hayo kulikula likizo yangu, na fomu ya mzigo wa kazi ina nafasi ya saa za darasani peke yake. Ukiomba kupandishwa cheo unaulizwa machapisho. Mkiwaita wahadhiri wakaidi mnawaonea.

Wa mkataba, Nakuru
Naunga mkono, na niongeze la sisi vibarua. Nalipwa kwa saa za kufundisha, tena malipo huchelewa. Bando ni langu, kompyuta ni yangu. Nikitengeneza kozi nzuri mtandaoni, mkataba ukiisha kozi inabaki chuoni na mimi naenda. Chuo kinaita hiyo elimu endelevu. Kwangu ni kazi isiyolipwa. Andikeni kwenye mkataba ni nani mwenye kozi na maandalizi yanalipwaje, mtaona tukijitokeza.

Halafu punguzeni video. Nina wanafunzi wanaorudi vijijini, Budalang'i na Nyakach. Wakiwa chuoni wanapakua somo kwenye programu ya Moodle ya simu, wanasoma nyumbani bila intaneti. Maandishi mafupi na sauti yanawafikia, video ya saa nzima inawamalizia bando.

Mhadhiri wa Kondele
Asanteni sana. Nilikuwa nimeomba bajeti ya mafunzo mengine, nitaibadilisha. Namwandikia mkuu wa kitivo kwamba saa za maandalizi zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi, na wa mikataba walipwe. Mwalimu wa Kakamega, unaweza kunitumia mfano wa swali lako la wastani? Nataka wenzangu walijibu kwanza wao wenyewe kwenye simu zao.